Kioo cha kukuzia kipo mkononi, lakini maandishi bado hayasomeki

Hapa Tanga mjini vioo vingi vya kukuzia vimelala kabatini. Mtu aliletewa na mwanawe aliyetoka Dar, au alinunua kwa machinga pale Ngamiani, akakijaribu siku mbili tatu, akasema "hakinifai", akakirudisha kwenye boksi lake. Ukimwuliza hakimfai vipi, majibu ni yale yale: kinaleta ukungu, kinaonyesha neno moja moja, kinaumiza kichwa, kinachosha mkono, au zamani kilikuwa kizuri na sasa kimeharibika. Mara chache sana kioo chenyewe ndicho kibovu. Kwa kawaida kimeshikwa mbali au karibu kuliko kinavyotaka, mwanga hautoshi, au mtu amevaa miwani isiyoendana nacho. Na hatua ambayo karibu kila familia huichukua, ya kwenda kutafuta kioo chenye nguvu zaidi, ndiyo huzidisha tabu.

Maelezo haya ni ya mtu mwenye uoni hafifu, yaani ambaye jicho lake lililo bora, hata likivishwa miwani sahihi, halifiki 6/18 kwenye chati (yaani kuona kutoka mita 6 kile wengine wanachokiona kutoka mita 18), lakini bado lina uoni wa kutumia. Ni ya binti au mjukuu anayemsaidia pia, maana mara nyingi yeye ndiye anayeulizwa "mbona hiki kitu hakifanyi kazi?"

Kabla ya kugusa kioo: huenda ni jicho

Mabadiliko yakiwa ya ghafla, weka kioo chini uende hospitali leo leo. Vimulimuli vya mwanga pembeni ya jicho, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea kwa mara ya kwanza, au pazia linaloshuka upande mmoja wa picha, ni dalili za kubanduka kwa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Mistari iliyonyooka, kama fremu ya mlango au nondo za dirisha, ikianza kuonekana imepinda ndani ya siku chache, huenda kitovu cha retina kinavuja. Jicho jekundu lenye maumivu makali, kichefuchefu na duara za rangi kuzunguka taa, linaweza kuwa presha ya jicho iliyopanda ghafla. Kwa wakazi wa hapa pa kuanzia ni Bombo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Usipitie kwanza kwa muuza miwani.

Kuna mabadiliko ya polepole pia ambayo kioo hakiyatibu. Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho iliyochafuka. Ukikuza herufi unakuza na uchafu wake. Huyo anahitaji upasuaji, na wengi wakishafanyiwa hubaki na miwani ya kawaida tu. Mwenye kisukari naye ana fumbo lake: leo kioo kinamfaa, kesho hakimfai, keshokutwa kinamfaa tena. Sukari inapopanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika umbo, na namba yake hubadilika nayo. Asinunue lenzi wala miwani mpya mpaka sukari itulie, na kila siku anayoona vibaya aandike kipimo chake cha sukari pembeni. Daktari wa macho atalipenda daftari hilo kuliko maelezo marefu.

"Herufi ni kubwa, ila zina ukungu"

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Kila lenzi ina umbali wake mmoja inaoutaka kati yake na karatasi, na umbali huo, kwa sentimita, unapatikana kwa kugawa 100 kwa namba ya lenzi, ile yenye alama ya kujumlisha inayoonyesha nguvu yake. Lenzi ya +10 inataka karatasi iwe sentimita 10 kutoka ilipo. Ya +20 inataka sentimita 5. Ya +40 inataka sentimita 2.5 tu, yaani vidole vinakaribia kugusa ukurasa. Ukizidisha umbali huo herufi huyeyuka. Ukipunguza zinabaki safi lakini ndogo kuliko uwezo wa lenzi, na jicho la mtu mzima linapata kazi ya ziada.

Namna ya kuupata bila rula: laza kioo juu ya gazeti, kisha kinyanyue taratibu. Herufi zitakua, zitaendelea kukua, halafu kingo zake zitaanza kulegea. Shusha kidogo mpaka zikaze. Hapo ndipo, na kuanzia hapo mkono usihame tena. Ukitaka kurekebisha kitu kingine, sogeza kichwa. Hilo la mwisho linahitaji kurudiwa sana, kwa upole: "Bibi, kioo kiache palepale, njoo wewe." Wazee wengi wamezoea kusogeza karatasi mbali hadi mkono uishe, tabia waliyoipata walipokuwa na miaka hamsini na miwani ya kusomea imeanza kuchelewa. Mwenye uoni hafifu anatakiwa afanye kinyume chake, na mwili hukataa mwanzoni.

Kama namba haikuandikwa popote, ipime mwenyewe. Simama ukutani, upande wa pili wa chumba ukilitazama dirisha lenye mwanga, mita kadhaa kutoka hapo. Shika lenzi karibu na ukuta na uisogeze mbele na nyuma hadi picha ya dirisha, iliyopinduka juu chini, itokee ukutani ikiwa kali. Pima sentimita kutoka kwenye lenzi hadi ukutani, ugawe 100 kwa hizo. Ukipata sentimita 12 na nusu, lenzi yako ni +8.

Umbali ukiwa sawa na ukungu bado upo, geukia miwani iliyoko usoni. Kioo cha mkono kikishikwa kwa umbali wake hutoa miale iliyo sambamba, sawa na miale inayotoka kwenye kitu cha mbali sana. Kwa hiyo huangaliwa kwa miwani ya mbali, au bila miwani kwa asiyeihitaji. Mwenye miwani ya sehemu mbili akishusha macho na kutazama kupitia kipande cha chini, ukungu unarudi. Kioo chenye miguu, kile kinachokaa juu ya karatasi, kina desturi tofauti: watengenezaji wengi huiweka lenzi karibu kidogo na karatasi kuliko umbali wake kamili, kwa hiyo miale hutoka bado imetawanyika. Hapo mtu aliyevuka miaka hamsini huhitaji miwani yake ya kusomea. Jaribu ukiwa nayo na bila nayo kabla ya kulaumu kifaa. Na kioo cha miguu kisinyanyuliwe. Miguu ile ndiyo kipimo chake cha umbali.

Lenzi nene yenye upande mmoja uliotuna zaidi ya mwingine huwekwa, kwa kawaida, tumbo likielekea jichoni. Ukiigeuza, herufi za katikati zitakuwa nzuri na za pembeni zitapinda.

"Boksi linasema mara 10, mbona hakikuzi?"

Kwa sababu boksi linadanganya. Lenzi ya kukuza mara 10 kweli ni ya +40, na lenzi moja yenye nguvu hiyo, ikiwa imetuna pande zote mbili, haiwezi kuzidi upana wa sentimita 5 hivi. Ikifika hapo imekuwa gololi. Kioo chenye upana wa sahani ndogo kilichoandikwa "mara 10" kina nguvu ya +6 au +8 tu. Kadiri lenzi inavyokuwa na nguvu ndivyo inavyolazimika kuwa ndogo, na hakuna fundi anayelikwepa hilo kwa bei ya mtaani.

Hata watengenezaji wa kweli hawakubaliani. Wengine hugawa namba ya lenzi kwa 4: +20 ni mara 5. Wengine hugawa kwa 4 kisha huongeza 1: +20 ile ile ni mara 6. Ukinunua kioo cha pili ili kichukue nafasi ya cha kwanza, linganisha namba zenye alama ya kujumlisha, si hizo za "mara".

Nguvu kiasi gani ya kuanzia? Makadirio ya haraka yanatokana na chati. Anayesoma 6/60, yaani anayehitaji kukaribia hadi mita 6 kuona kile wengine wanachokiona kutoka mita 60, gawa 60 kwa 6, aanze na +10. Ni mahali pa kuanzia majaribio tu. Kama lengo ni kusoma kitabu au msahafu kwa nusu saa, herufi zinatakiwa zionekane karibu mara mbili ya zile ndogo kabisa anazoweza kuzitambua. Anayeng'ang'ania ukingoni mwa uwezo wake atachoka kabla ya ukurasa kuisha. Nikitaja msahafu: irabu ni ndogo kuliko herufi, na kisomo hakisimami bila irabu. Msahafu wa maandishi makubwa pamoja na kioo cha nguvu ndogo unasomeka kwa raha kuliko msahafu mdogo wa mfukoni pamoja na kioo kikali. Familia nyingi hulifikiria hili mwisho, baada ya kumaliza pesa kwenye vioo.

"Naona neno moja tu, sentensi siipati"

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na hapa ndipo dawa ni ya bure. Upana unaouona kwenye karatasi unategemea jicho lako liko mbali kiasi gani na lenzi. Chukua lenzi ya +10 yenye upana wa sentimita 5, iliyoshikwa sentimita 10 juu ya gazeti. Jicho likiwa sentimita 40 kutoka kwenye lenzi, utaona kipande cha sentimita moja na robo: silabi mbili tatu za Kiswahili. Likisogea hadi sentimita 10, utaona sentimita 5 nzima, yaani maneno matatu au manne. Ni kama kuchungulia uani kwa tundu la mlango. Ukibandika jicho unaona ua wote.

Na herufi hazipungui ukubwa. Hili watu hawaliamini hadi wajaribu. Ikiwa lenzi iko kwenye umbali wake sahihi na karatasi, ukubwa unaoonekana ni ule ule jicho likiwa mbali au karibu; kinachobadilika ni upana tu. Kwa hiyo mtu anayekaa wima kitini, kioo kwenye goti, amejinyima maneno bila kupata chochote. Kichwa kikisogea, shingo italalamika, na dawa ya shingo ni kuinua karatasi: ubao ulioegemezwa juu ya mto au vitabu viwili, mezani, viwiko vimetulia.

Ikiwa jicho limesogea na upana bado hautoshi, huenda nguvu ni kubwa kupita haja. Rudi chini hatua moja. Namba ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ina tarakimu 20, na huandikwa kwa mafungu ya nne nne. Kioo kinachoonyesha fungu moja zima kwa mara moja kitamfikisha mtu mwisho bila kurudia, na kile kikali zaidi kinachoonyesha tarakimu mbili mbili kitamfanya apoteze hesabu katikati na mita imkatalie.

Mwenye presha ya jicho ya muda mrefu, ambaye pembeni pameshafungwa na kabaki na tundu la katikati, asome aya hii mara mbili: ukimkuzia sana, neno moja linajaza tundu lake lote na mengine yanatoka nje. Huyo anahitaji kioo dhaifu kuliko unavyodhani, pamoja na mwanga mzuri.

"Neno linamezwa katikati", au "naruka mistari"

Mtu ambaye kitovu cha retina kimeharibika hutazama herufi moja kwa moja na herufi hiyo ndiyo inayotoweka. Husema kioo kina doa. Kizungushe: doa lisipozunguka nacho, liko jichoni. Kukuza kunasaidia kwa sababu neno linakuwa kubwa kuliko doa, lakini kusaidika zaidi kunatokana na kujifunza kutazama pembeni. Aangalie kidogo juu ya neno, kisha chini, kisha kulia na kushoto, mpaka agundue upande ambao neno linarudi. Baadaye kila anaposoma aelekeze jicho hapo, huku akisogeza karatasi badala ya jicho. Inachukua wiki za mazoezi mafupi, na mwanzoni ni kazi inayochosha kweli. Dakika tano asubuhi zinatosha.

Kuruka mistari kuna dawa ya shilingi chache. Kata manila nyeusi isiyong'aa, toboa kidirisha chembamba chenye upana wa mstari mmoja au miwili, ukilaze juu ya ukurasa. Kinazuia weupe wa karatasi usimwagike machoni na kinashikilia mstari. Nimeona watu wakikitumia peke yake, bila kioo, wakasoma maandishi waliyosema hawayaoni.

"Mchana barazani nasoma, usiku sebuleni siwezi"

Hakuna fumbo hapa. Retina ya mtu wa miaka 60 hupata karibu theluthi moja ya mwanga unaoifikia ya kijana wa miaka 20, na taa ya darini ya sebule nyingi iko mita mbili juu ya karatasi. Mwanga hupungua haraka unapokwenda mbali: taa ikishushwa kutoka mita moja hadi nusu mita, karatasi hupata mwanga mara nne. Kwa hiyo taa ndogo ya meza yenye shingo ya kupinda, iliyoshushwa karibu na ukurasa, inashinda taa kali ya juu. Iweke upande wa jicho lililo bora, chini ya usawa wa macho ili balbu isionekane, na isiwe upande wa mkono unaoandika.

Kinyume chake pia hutokea: taa iliyojengwa ndani ya kioo cha betri inawaka vizuri, lakini karatasi inang'aa na herufi zinapotea. Mara nyingi ni karatasi laini ya magazeti ya picha, au kitambulisho kilichofunikwa plastiki. Inamisha karatasi kidogo mpaka mng'ao utoke kando, au zima taa ya kioo utumie ya meza. Mwenye ualbino na mwenye mtoto wa jicho aliyeanza huumizwa na mwanga mkali mapema kuliko wengine; wao wanahitaji mwanga ulioelekezwa kwenye karatasi tu, kofia yenye ukingo, na kukaa dirisha likiwa mgongoni.

Barazani kuna hatari moja. Lenzi iliyoachwa juani hukusanya miale na inaweza kuwasha gazeti, mkeka au pazia. Kioo kikimaliza kazi kiingie kwenye mfuko wake, hata kama ni dakika mbili za kwenda kuitika mlangoni. Na hakuna kulitazama jua kwa lenzi wala darubini, hata kwa mzaha wa watoto.

"Kilikuwa kizuri, sasa kimefifia"

Angalia kwanza uso wa lenzi dhidi ya mwanga. Vioo vingi siku hizi ni vya plastiki, na plastiki hukwaruzika ukiifuta ikiwa kavu kwa pindo la kanga lenye vumbi. Osha kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, suuza, kausha kwa kitambaa laini cha pamba. Petroli, thina na dawa ya meno visikaribie. Mikwaruzo ikishaingia katikati haitoki, nunua kingine.

Ndani ya darubini ndogo, na baina ya vipande vya lenzi, ukiona utando mweupe wenye matawi, huo ni ukungu wa unyevu. Joto la kaskazi na hewa ya chumvi ya Raskazone au Deep Sea vinaupenda sana. Usifungue mwenyewe. Zuia usiote: darubini isifungiwe kwenye mfuko wa plastiki uliobana, na vipakiti vidogo vinavyofyonza unyevu, vile vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, vikae nayo.

Taa ikiwa hafifu kwenye kioo cha betri, badilisha betri zote kwa pamoja; mpya na kuukuu zikichanganywa, kuukuu huvuja. Ukikuta vyuma vya ndani vina unga mweupe au wa kijani, lowesha pamba kwa siki kidogo au ndimu, sugua, futa kwa pamba yenye maji, acha pakauke kabisa. Kioo kisichotumika mwezi mzima kisikae na betri ndani.

"Miwani ya kukuzia inanitia kizunguzungu"

Umetembea nayo. Miwani ya +10 inaona vizuri sentimita 10 tu. Ukuta, mlango na ngazi vyote ni ukungu, na mtu anaweza kuanguka. Ni ya kukaa. Umbali wa kusomea nao utamshtua: karatasi inakaribia pua. Anza kwa kuigusisha karatasi puani, kisha isogeze nje mpaka herufi zitulie. Lenzi zikiwa kali mno, macho mawili hayawezi kukutana kwa karibu namna hiyo, na picha zinakuwa mbili; lenzi kali huvaliwa jicho moja, lililo bora, na jingine hufunikwa. Za nguvu ya kati zinaweza kutengenezwa na prizimu inayosaidia macho kukutana. Hiyo ni kazi ya mpimaji.

Anayefanya kazi ya mkono aingie kwenye hesabu kwa njia nyingine. Mama anayeshona kofia za vito hawezi kutumia +20, kwa sababu sindano itagonga lenzi. Lenzi ya +6 inamwachia karibu sentimita 17, ya +8 inamwachia 12 na nusu, na ikining'inizwa shingoni au kusimama kwenye mguu wake, mikono yote miwili inabaki huru.

"Ubao siuoni", "darubini hainionyeshi kitu"

Darubini ndogo ya jicho moja huandikwa namba mbili, mfano 4×12: inakuza mara 4, na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 12. Mtoto akisema kila kitu kimekuwa kidogo, ameishika kinyume. Akisema haoni kitu kabisa, kwanza hajakitafuta kwa macho matupu: amtazame mwalimu au ubao kwa macho, akishaupata asiuachie, ndipo ailete darubini mbele ya jicho. Kisha azungushe kulenga. Picha ikitetemeka, kiwiko kikae juu ya dawati na mkono ushikamane na shavu, maana mtetemo hukuzwa sawasawa na picha. Nguvu ya mara 8 ni ngumu kuituliza kwa anayeanza. Mara 4 inatosha darasa la kawaida, hasa akiketi mbele. Akitembea, darubini iwe mfukoni. Kituoni ni nzuri kwa kusoma kibao cha daladala kabla haijakupita.

Mwanafunzi mwenye ualbino akibandika daftari usoni, mwacheni. Kukaribia ni kukuza: nusu ya umbali, mara mbili ya ukubwa. Macho ya mtoto yana nguvu ya kulenga karibu ambayo babu yake hana tena, na kitendo hicho hakimharibu. Akigeuza kichwa upande mmoja kila anaposoma, huenda ndio upande ambao macho yake yanayochezacheza yanatulia, msimnyooshe shingo. Walimu wa kitengo cha elimu maalumu cha shule ya Pongwe na wa shule ya wasioona ya Irente kule Lushoto wanayajua haya kwa kuyaishi, na ni watu wazuri wa kuulizwa. Mzazi akumbuke pia kuwa Baraza la Mitihani hutoa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu. Shule ndiyo inayotakiwa kuomba, na haifanyiki wiki ya mtihani.

Televisheni ni kanuni hiyo hiyo. Vuta kiti kutoka mita 3 hadi moja na nusu. Wanaonyimwa picha nyuma yako watavumilia.

Simu

Kamera ya simu ni kioo cha kukuzia ambacho wengi wanacho tayari, nayo ina hasira zake. Ikiletwa karibu sana na karatasi haitalenga. Irudishe nyuma kiasi cha kiganja, kisha kuza kwa vidole. Picha ikiwa na ukungu wa kudumu, futa lenzi ya kamera kwanza, hasa baada ya mikono ya mafuta. Mkono ukitetemeka, usiangalie moja kwa moja: piga picha ya mita, ya dawa au ya risiti, kisha ikuze picha hiyo ukiwa umekaa. iPhone zina programu ya kukuzia tangu 2016, yenye uwezo wa kugeuza rangi iwe maandishi meupe kwenye weusi, na weusi huo huwapumzisha sana wanaosumbuliwa na mng'ao. Simu za Android zina programu za namna hiyo za kupakua bure.

Kisa kinacholeta simu nyingi kwa mafundi bila sababu: "Simu imekuwa kubwa ghafla, sehemu nyingine hazionekani." Haijaharibika, ukuzaji wa skrini umewashwa kwa bahati mbaya. Kwenye Android nyingi gusa skrini mara tatu haraka kwa kidole kimoja. Kwenye iPhone gusa mara mbili kwa vidole vitatu. Ikitulia, nenda kwenye mipangilio uzime njia hiyo ya mkato, au ujifunze kuitumia, maana kwa mwenye uoni hafifu ni zawadi.

Ukienda kupimwa

Bombo watapima jicho na kutibu kinachotibika. Kwa huduma kamili ya uoni hafifu, yenye vifaa vya kujaribu, hospitali ya CCBRT iliyoko Dar es Salaam na ile ya KCMC ya Moshi zinaitoa, na rufaa inaweza kuandikwa. Beba miwani yote ya zamani, hata iliyovunjika mguu, vioo vyote vilivyolala kabatini, na dawa unazotumia. Beba pia kile hasa unachotaka kukisoma: msahafu wako mwenyewe, Biblia yako, kofia uliyoifikisha nusu, karatasi ya mita. Mpimaji atakuuliza unataka kuona nini, na "nataka kuona vizuri" halimpi pa kuanzia. "Nataka kusoma tarakimu za LUKU bila kumwita mtoto wa jirani" anaweza kulitafutia lenzi siku hiyo hiyo.